Wanne Niliwasainia, Mmoja Nikamwacha

Nianze na kosa langu, maana nikianza na ya wengine nitajipendelea. Siku moja ya mvua, kwenye banda la kukusanyia mboga chini kidogo ya Soni, niliwasainia wenzangu wanne daftari la mahudhurio, na wa tano nikamwacha makusudi. Sikusahau. Nilifika kwenye jina lake, nikalitazama, nikafunga daftari.

Huyo wa tano alikuwa mkaguzi wetu, na mimi nilimwonea wivu. Nasema bila kupindapinda kwa sababu nilishaulizwa mbele ya watu nikajibu, na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Kazi yetu si ya kujivunia sana, lakini ni kazi. Wakulima wanashusha karoti, hoho, njegere na koliflawa, wengine kwa pikipiki, wengine kwa kichwa, nasi tunachambua, tunaosha, tunapanga kwenye kreti mpaka lori lije kuchukua kupeleka Dar es Salaam. Miaka sita nimechambua. Vidole vyangu vinajua karoti yenye ufa ndani kabla jicho halijaona. Huyo mkaguzi alikuja akanikuta, msichana mwenye kucha ndefu, na mimi ndiye niliyemwambia akakate zile kucha. Nilimfundisha kila kitu, hata namna ya kusimama ili mgongo usimuume.

Miezi minane tu, jamani. Miezi minane akapewa koti jeupe na peni ya kijani. Peni ya kijani ndiyo ukaguzi wenyewe: kreti ikipita anaiandika alama ya kijani, isipopita inarudi kwa mkulima. Meneja alisema amesoma kidato cha nne na anajua kuongea na wanunuzi. Mimi niliishia la saba. Nikapiga makofi pamoja na wengine, nikamwambia "hongera mdogo wangu", na usiku huo sikula.

Ingekuwa koti peke yake ningevumilia. Lakini tulikuwa usharika mmoja, kwaya moja, sauti moja ya kwanza, na huko nako mwalimu wa kwaya akaanza kumpa yeye beti za kuimba peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kusifia hata chai yangu, akitoka ibadani anasema, "Yule mtoto ana koo!" Mume wa mkaguzi alikuwa anamfuata kazini na mwamvuli. Wa kwangu mimi mvua ikinyesha anapiga simu kuuliza kama nimeanua nguo. Mkaguzi alikuwa na kanga imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge", na wallahi kwa muda mrefu niliamini aliinunua kwa ajili yangu. Kumbe alipewa na shangazi yake.

Na alikuwa na adabu, hicho ndicho kilichonimaliza. Kila asubuhi, "Shikamoo dada." Angekuwa na kiburi ningepata pa kushika. Mimi najibu "Marahaba" huku naendelea kuchambua karoti.

Sasa, msiba kwetu hauombewi ruhusa kwa barua. Mtu akifiwa, habari inapita, watu wanafunga vitenge kiunoni wanakwenda, na bandani anabaki mmoja wa kupokea mzigo. Huyo anayebaki ndiye anayewasainia wote. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Meneja alijua, mlinzi alijua, hata yule bwana wa mishahara aliyekuja mara moja kutoka makao makuu aliambiwa akacheka. Mimi mwenyewe nilisainiwa mara nyingi kuliko mtu yeyote pale, maana ukoo wetu ni mkubwa na wazee ni wengi.

Siku hiyo alikuwa amefiwa mpakizi wetu, mama yake mzazi, kule juu Rangwi. Asubuhi watu wakakusanyika, na mpakizi akasema mbele ya wote kwamba anaomba mkaguzi aje aongoze nyimbo, kwa sababu mama yake aliwahi kumsikia akaipenda sauti yake. Hakuna aliyesema mimi nije niimbe. Meneja akanitazama akasema, "Mama, wewe baki, lori linakuja saa tano. Kaimu ukaguzi." Mkaguzi akavua koti akalitundika, akanikabidhi peni ya kijani kwa mikono miwili. Wakapanda pikapu ya kampuni, watano nyuma, meneja kwenye usukani, wakaondoka.

Nilipopokea lori na kulipakia na watu wawili wa kibarua, nikakaa na daftari. Nikasaini wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipofika kwake nikasikia ile sauti yake inaimba huko Rangwi watu wanafuta machozi. Nikasema moyoni, leo acha uonekane binadamu. Nilitaka akaripiwe kidogo tu, aambiwe hata yeye ana kasoro. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo, na Mungu ananijua.

Hakuna aliyemkaripia. Meneja alirudi jioni na matope kwenye viatu, akapekua daftari kama kawaida yake, akaliweka rafuni. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Ile nafasi tupu ikabaki tupu, na mimi nikaanza kuisahau.

Halafu mkaguzi akaleta karatasi ya kliniki. Tumbo lilikuwa halijaonekana vizuri chini ya koti, lakini mimi nilishajua, kwani nilimfuma nyuma ya kreti anatafuna udongo. Aliomba apewe ruhusa siku za kliniki. Meneja akaandika "Nimeona" na tarehe na saini yake. Siku ya tisa baada ya hapo mkaguzi akapewa barua. Kazi imekwisha. Sababu: utoro, siku ile ya msiba, kama inavyoonekana kwenye daftari.

Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakulia. Akauliza, "Utoro?" Kisha akavua koti, akalikunja, akaondoka kwa miguu kwenye ukungu. Nilipewa koti kesho yake. Mfukoni nilikuta kipande cha udongo wake, nikakitupa kwenye maji machafu ya karoti. Koti lilinibana mabegani, lakini nililivaa. We acha tu, nililivaa mpaka dukani.

Nilidhani atanyamaza, kama watu wote wanavyonyamaza. Hakunyamaza. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameshapeleka malalamiko kwa waamuzi wa mambo ya kazi. Alikwenda mwenyewe, bila wakili, na bahasha yake ya plastiki. Bandani tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. "Atashindana na kampuni? Na lile tumbo?" Lakini nikifika nyumbani nilikuwa sicheki. Kulikuwa na kitu kinanichoma ambacho hakikuhusu koti, na sikutaka kukitazama. Jumapili nakutana naye kwaya, tumbo linazidi kukua, na bado ananiambia, "Shikamoo dada."

Usuluhishi ukashindikana. Kesi ikapangwa kusikilizwa mjini Lushoto, na meneja akaniita ofisini. Aliniwekea soda. Akasema nitakuwa shahidi wa kampuni, jambo lenyewe dogo: niseme tu kwamba siku ile mimi ndiye nilikuwa zamu, na mkaguzi hakuwepo kazini. "Si kweli hakuwepo?" akauliza. Kweli hakuwepo. "Basi. Hilo koti tutakushonea jipya la kipimo chako, na barua ya cheo juu." Nikanywa soda.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja na viti vya plastiki. Mwamuzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, ana chupa yake ya chai pembeni. Wakili wa kampuni alitoka Tanga, suti imembana kama koti langu. Mkaguzi alikaa peke yake upande wa pili. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, yuko nje kwenye benchi na bibi yake, na kila akilia mama yake anageuza shingo.

Nilifikiri mwamuzi atauliza kama mkaguzi ni mtu mzuri au mbaya. Hakuuliza hata mara moja. Alianza kwa kusema anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu ni mwajiri, kisha akachukua karatasi tatu akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Ya kwanza barua ya kuachishwa: utoro. Ya pili majibu ya kampuni kwa malalamiko: kupunguza wafanyakazi. Ya tatu maelezo ya meneja, yaliyoandikwa siku moja na majibu hayo: uzembe katika ukaguzi. Akavaa miwani.

"Wakili, ni ipi kati ya hizi?"

Wakili akasema zote, kwa pamoja. Mwamuzi akamtazama meneja. "Mtu akiwa na sababu ya kweli anaisema ileile leo na kesho. Ninyi sababu yenu kila ikitoka nje inabadilisha nguo." Akaandika.

Halafu akauliza mambo ya tarehe. Siku ya utoro ni ipi? Karatasi ya kliniki imepokelewa lini? Barua imetoka lini? Meneja akajibu moja moja. Kati ya utoro na kliniki, wiki tatu. Katika wiki hizo tatu, kuna onyo lolote? Hakuna. Kuna mtu alimwita kumuuliza alikuwa wapi? Hakuna. Kati ya kliniki na barua, siku tisa. Meneja akakohoa. Akasema makao makuu ndio walioomba kumbukumbu zake zikaguliwe. "Waliomba kabla ya kujua ana mimba au baada?" Meneja akanywa maji.

Kisha nikaitwa mimi. Nikaapa na mkono juu ya Biblia, mkono unanuka vitunguu. Wakili akaniuliza, nikajibu kama tulivyopanga: mimi nilikuwa zamu, yeye hakuwepo, hakusaini. Akasema asante, akakaa. Niliona yamekwisha.

Mwamuzi akanisogezea daftari. "Mama, hawa wanne wengine siku hii walikuwepo?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliona hata hiyo fupi imebomoka mbele yangu. Nikatazama ukurasa, nikaona kitu ambacho kwa miezi yote sikukiona: kurasa zote ni za bluu, wino wa ile peni iliyofungwa kwa uzi pale kwa mlinzi, ila siku ile saini zote nne ni za kijani. Peni nilikuwa nayo mkononi, nikaitumia. Nilijisikia mkubwa nikaitumia. Kampuni yenyewe ndiyo iliyolileta daftari mezani, kwa gari lake.

"Peni ya kijani anashika nani?" akauliza.

"Mkaguzi. Siku hiyo nilikaimu mimi."

"Kwa hiyo hizi saini?"

Meneja alikuwa ananitazama. Nilimtazama mkaguzi. Alikuwa amekaa ametulia, mikono juu ya bahasha, na maziwa yamelowanisha blauzi kifuani. Hakuwa na uso wa kuniombea mabaya. Nikajua palepale kwamba anajua. Mwandiko wangu anaujua, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika lebo za kreti.

"Za kwangu," nikasema. "Nimewasainia. Walikuwa msibani wote. Ni kawaida yetu."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Msibani hukohuko."

"Wanne ukawasainia. Kwa nini yeye ukamwacha?"

Nilitafuta jibu lingine. Kweli nilitafuta. Mtoto akalia nje.

"Wivu," nikasema.

Wakili akaruka juu. Akasema mheshimiwa mwamuzi, umesikia mwenyewe! Hakuna ubaguzi hapa, kuna mwanamke na wivu wake, kampuni imeponzwa na mfanyakazi wake, meneja aliamini daftari. Nikaona jasho linanitoka. Ina maana nimesema ukweli na bado nimemzamisha? Hata ukweli wangu unamdhuru?

Mwamuzi akamwacha amalize. Akamimina chai kidogo, akanigeukia. "Walikwenda Rangwi kwa usafiri gani?"

"Kwa pikapu ya kampuni."

"Nani aliendesha?"

Mungu wangu. Kitu kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu.

"Meneja," nikasema. "Aliwapeleka mwenyewe. Watano wote nyuma. Na jioni aliwarudisha."

Mwamuzi akaweka kalamu chini. Akamuuliza meneja kama ni kweli, na meneja akasema ni kweli, ila kwa sauti ndogo. "Basi uliamini daftari lililokuambia mtu hayupo, wakati mtu huyo ulimbeba kwenye gari lako." Hakungoja jibu. Alisema wivu wa shahidi unaeleza kwa nini nafasi ilibaki tupu, lakini hauelezi kwa nini mwajiri aliyejua ukweli aliigeuza kuwa kosa siku tisa baada ya kusoma karatasi ya kliniki. Maneno hayo nayakumbuka vizuri, maana nilirudi nayo yote kwenye basi mpaka Soni.

Uamuzi ulitoka baadaye: sababu si ya kweli, kilichomwondoa ni mimba, arudishwe kazini. Meneja alihamishwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kusainia watu, na siku hizi tukienda msibani tunaandika "msibani" na kila mtu anaandika kwa mkono wake.

Asubuhi aliyorudi mkaguzi nilikuwa nimelivua koti, nimelifua, nimelipiga pasi. Nikampa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilishayapanga hata majibu. Akasema, "Shikamoo dada." Akalivaa. Likamkaa vizuri, na amejifungua juzi tu! Nikaona wivu palepale, sitakuficha.

Lakini nirudi kwenye kile kilichokuwa kinanichoma tangu alipopeleka malalamiko. Wiki ile ya uamuzi nilifungua sanduku langu la bati, nikatoa barua ambayo sikuwa nimeigusa kwa miaka mingi. Miaka mingi kabla ya banda nilikuwa jikoni kwenye nyumba moja ya wageni kule Lushoto. Barua inasema kutokana na kupungua kwa wageni, huduma yangu haihitajiki tena. Nikaketi kitandani nikaiuliza yale maswali ya mwamuzi, moja moja. Wageni walikuwa wamepungua? Ilikuwa mwezi wa saba, wazungu wamejaa mpaka wanalala kwenye mahema bustanini. Nani mwingine aliondolewa? Hakuna. Walijua lini? Walijua wiki ileile kamba za aproni ziliposhindwa kukutana mgongoni. Na mimi siku ile nilifanya nini? Niliifua ile aproni, nikaipiga pasi, nikawarudishia, nikasema asanteni kwa yote. Mume wangu akasema ndivyo kazi zilivyo, na mimi nikaamini.

Kumbe wivu wenyewe ulikuwa hapo. Koti ningepata lingine. Lakini yeye alisimama mlangoni na barua yake akauliza, "Utoro?" kama mtu mwenye haki ya kuuliza. Mimi sikuuliza hata neno moja.

Barua ile nilikwenda nayo kazini. Saa ya chai, yeye amekaa kwenye kreti ananyonyesha, nikampa. Akaisoma, akarudia tena kuisoma, mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto.

"Dada, ulikuwa na mimba ya miezi mingapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Sita," nikasema.

"Na nafasi yako wakaweka mwingine?"

"Wiki iliyofuata. Nilimkuta sokoni amevaa aproni yangu."

Akaikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akanirudishia kwa mikono miwili, vilevile alivyonipa peni siku ile.

"Ulikuwa na siku thelathini, dada," akasema. "Siku thelathini za kulalamika."

Mtoto wa mimba ile yuko kidato cha pili. Amenipita urefu.